Chipu Iliyolala Chali

Nilipoifungua ile redio kaseti ya mfukoni nilidhani nimeibiwa. Fundi wa redio wa mjini Homa Bay alikuwa amenipa ikiwa imekufa, nami nikaibeba hadi nyumbani kwa furaha, nikijua ndani yake kuna mali: kapasita nono, resista zenye mistari ya rangi, na chipu moja ya heshima yenye miguu inayopenya kwenye matundu ya bodi na kutokea upande wa pili, mahali ambapo mtu huweka risasi yake akalehemu bila matata. Nilichokikuta ni bodi ya kijani isiyojaza kiganja, tena imejaa vumbi. Nikapuliza. Vumbi halikutoka. Nikalisugua kwa kidole, likabaki. Nikachukua lenzi ya maabara, nikainama, na mwili ukanisisimka: lile vumbi ndilo lililokuwa resista na kapasita. Kila chembe ilikuwa imelehemiwa huku na huku, nadhifu, na katikati yao ilikaa chipu ndogo kama mbegu ya tikiti, miguu yake imekunjwa juu ya bodi. Hakukuwa na tundu hata moja.

"Mkono gani umefanya hivi?" niliuliza kwa sauti, peke yangu chumbani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, nafundisha fizikia katika shule ya sekondari ya wasichana nje kidogo ya mji. Walimu wenzangu walifuma vitambaa vya makochi; mimi nilifuma nyaya. Ugonjwa huo niliutoa chuoni. Nilikuwa nimeshatengeneza kengele ya chumba cha walimu iliyolia yenyewe kila mvua iliponyesha, na redio iliyoshika stesheni mbili kwa pamoja, moja ikihubiri na nyingine ikitangaza mpira. Mwalimu mkuu aliniomba kwa upole nisiguse taa za bweni, nikanuna wiki nzima. Nina hasira za karibu, hilo nalikubali, na ulimi wangu hufika mahali wakati akili bado inatafuta ufunguo wa mlango.

Lakini safari hii sikuwa nacheza. Nilitaka kumtengenezea baba sikio.

Baba alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Migori na mama. Masikio yalimtoka polepole: kwanza ndege, kisha saa ya ukutani, kisha sisi. Vifaa vya kusikilizia vilikuwa vitu vya Nairobi na vya watu wengine. Nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili, kwa kuwa baba ni Mjaluo na mama ni Mkuria, na kila mmoja alikataa kushindwa na lugha ya mwenzake. Kiswahili hicho ndicho tulichomsengenyea baba mbele ya macho yake. Naona aibu kulieleza hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulimjadili akiwa amekaa hapo hapo katikati yetu. Mama alilalamika anavyokoroma, mdogo wangu akasema koti lake linanuka, mimi nikasema amekuwa mkaidi kuliko punda, na wakati wote tulimtazama na kutabasamu ili adhani tunamsifu. Naye alitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa desturi ya nyumba, kama kuvua viatu mlangoni.

Mwaka huo mdogo wangu, kitindamimba, alipata mchumba wa upande wa Sori, ikapangwa Jumapili ambayo wageni wangekuja kujitambulisha na kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Mazungumzo hayo kwetu hayapigiwi kelele. Wazee husema kwa sauti ya chini, kwa kuzunguka, na neno moja likikupita basi umeachwa. Kwa hiyo ndugu yake baba, baba yetu mdogo, alijitolea kuwa msemaji. Mama alipomwandikia baba jambo hilo kwenye karatasi, baba aligonga meza vikombe vikaruka. Mimi nilikuwa sijaolewa na sikuonyesha dalili, kwa hiyo kwake hii ilikuwa nafasi ya kwanza, na labda ya mwisho, ya kukaa kwenye kiti cha baba wa binti. "Nitamsemea mtoto wangu mwenyewe," alisema. "Mimi bado sijakufa." Mama alinipa maneno hayo kwenye barua, akaongeza kwa mwandiko mdogo pembeni kwamba hajui tutafanya nini, maana siku hizi ukimuuliza bei ya sukari anakujibu habari za mvua.

Nilikuwa nimemtengenezea kikuza sauti mwaka uliotangulia, kwa vifaa vya kawaida, vya miguu mirefu. Kilikuwa na ukubwa wa mkate na betri nne. Alikibeba kanisani Sabato moja, kikapiga mluzi katikati ya sala, na waumini wakafumbua macho. Alinirudishia siku ile ile. "Sitabeba redio kwenye nyumba ya Mungu," alisema, na hakukubali tena kukigusa. Nilielewa kwamba kama kifaa hakiingii mfuko wa shati, nyuma ya kalamu zake, hakitavaliwa. Ndiyo sababu nilizitaka zile chipu za vumbi, zinazoridhika na betri mbili nyembamba.

Nilirudi kwa fundi kumwomba maiti nyingine za aina ile ile.

"Madam, hizi za siku hizi hatutengenezangi," alisema. "Hii ikikufa imekufa. Ukiweka risasi hapo, miguu yote inashikana, inakuwa uji."

"Wewe nipe tu. Sitaki kutengeneza. Nataka kutoa chipu, niunge waya kwa kila mguu, na mkono."

"Na mkono?" Aliweka chini bisibisi. "Wuoro! Hiyo mguu ni ya siafu, Madam. Utaunga na nini, nywele?"

Alicheka mpaka mteja wake akaanza kucheka bila kujua kinachochekwa. Nilimwambia acheke vizuri, akimaliza anipe maiti zangu. Alinipa moja tu, kwani ndiyo aliyokuwa nayo. Jumla nikawa na chipu mbili duniani.

Kuhusu nywele hakukosea sana. Nilichuna waya wa redio, nikatenganisha nyuzi zake za shaba, nikachagua uzi mmoja mmoja mwembamba kama unywele wa mtoto. Umeme wa shule haukufika nyumba za walimu, kwa hiyo chuma changu cha kulehemu nilikipasha kwenye jiko la makaa. Ncha yake ilikuwa nene kama kidole gumba. Ukiigusisha kwenye chipu ile inafunika miguu minne kwa pamoja. Nikaizungushia waya mnene wa shaba na kuacha kipande kichomoze mbele kama mdomo wa korongo, na huo mdomo ndio uliofanya kazi. Dakika moja nje ya makaa ulikuwa umepoa. Nililehemu mguu mmoja, nikarudi jikoni, nikalehemu mguu mwingine, nikarudi jikoni. Nilitembea maili nzima katika nyumba ya vyumba viwili.

Chipu haikukubali kukaa. Ukiigusa na chuma inasogea, ukipumua inaruka. Nikaona afadhali niilaze chali kwenye kipande cha plastiki, miguu ikitazama dari kama mende aliyepigwa dawa, niishikishe kwa tone la rangi ya kucha, halafu niishughulikie ikiwa imenyoosha mikono juu. Rangi ya kucha nilinunua sokoni, nyekundu, ndiyo iliyokuwepo. Mama muuzaji, anayenijua kama Msabato asiyepaka hata mafuta yenye harufu, alinikonyeza na kuniuliza ni nani huyo mwenye bahati. Nikamwambia ana miguu minane.

Ile chipu ya kwanza ilinichukua siku kumi. Ramani ya miguu nilikuwa nimeichora kwa uangalifu kabla ya kuing'oa, kwa kufuata njia za shaba kwenye bodi: huu unakwenda kwenye betri, huu unapokea sauti, huu unaitoa. Niliunganisha kila kitu sawasawa na ramani. Nikaweka betri, nikatia spika ndogo sikioni, nikashika pumzi. Nilichokipata hakikuwa sauti. Kilikuwa harufu. Nikagusa chipu kwa kidole, nikaruka nyuma nikaangusha kiti. Ilikuwa ya moto kama sufuria, na mgongo wake umefanya kidonda cheupe.

Niliikodolea macho ramani, nikaikodolea chipu, na ilinichukua muda mrefu kuamini ujinga wangu. Ramani niliichora chipu ikiwa imelala kifudifudi, jinsi ilivyozaliwa. Kisha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, niliigeuza chali. Ukimgeuza mtu chali, mkono wake wa kulia unaenda upande mwingine. Mtoto wa chekechea anajua hivyo. Mimi, mwenye diploma ya kufundisha fizikia, nilikuwa nimeingiza betri mahali pa kutokea sauti. Nililia kwa hasira, nikapiga meza, kisha nikachora ramani upya upande wa nyuma wa karatasi, nikaishikilia dirishani dhidi ya jua ili niione ikiwa imegeuka. Hakukuwa na chipu ya tatu. Nikailaza ya pili chali.

Ya pili iliitika. Ilikuwa saa kumi alasiri, wasichana wako nje ya madarasa, nami nilitia spika sikioni bila matumaini yoyote. Kelele iliyonivamia ilinifanya nijishike kichwa. Ilikuwa ni kitambaa cha gauni langu kikijikuna kwenye maiki. Nilisikia mate yangu nikiyameza. Nilisikia kuku akitembea nje, kila ukucha. Halafu, kutoka kwenye bomba la maji ambalo lilikuwa mbali kiasi kwamba sikuwahi kusikia lolote kutoka huko, ikaja sauti ya msichana wa kidato cha pili, karibu nami kabisa: "Leo Madam amevaa pazia ya bweni." Na mwenzake: "Si ndiyo maana haolewi."

Kisha nikacheka mpaka machozi. Niliitazama yule mende aliyelala chali, amefungwa kwa nyuzi na kupakwa wekundu, na nikajiona mkubwa kuliko wote waliowahi kuzaliwa kati ya Homa Bay na mpaka wa Tanzania. Nikaiweka ndani ya kasha tupu la kaseti, lile la plastiki linaloonyesha ndani, na kila kitu kikaenea: chipu, betri mbili, maiki ya ile ile redio kaseti. Kasha likaingia mfuko wa shati bila kujikunja.

Nilifika Migori Ijumaa alasiri, siku mbili kabla ya wageni. Barabara ilikuwa imefanya kazi yake. Nilipofungua kasha nikakuta waya mmoja, ule wa mguu wa tatu, umekatika na kusimama peke yake kama unywele wa mvi. Jua lilikuwa limekwisha kuinama, na nyumbani kwetu likizama Ijumaa hakuna anayeshika hata sindano mpaka lizame Jumamosi. Mama alikuwa anamalizia chakula cha Sabato. Nikachomeka chuma changu katikati ya makaa yake, kando ya sufuria ya maharage, nikamwaga vifaa vyangu juu ya meza.

Mama aliona chupa kwanza. Alishika kifua kwa mikono yote miwili.

"Rangi ya kucha! Kwa nyumba hii!"

"Ni ya chipu, mama."

"Chipu gani inapakwa kucha? Mwanangu, ni huko Homa Bay umefundishwa haya?"

"Mama, acha nimalize, tafadhali. Ni ya masikio ya baba."

"Masikio pia inapakwa?" Alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Na maliza haraka. Jua hiyo inaenda."

Nikaharakisha. Chuma hakikuwa kimeiva, nilijua hakijaiva. Risasi iliyeyuka nusu, ikakaa juu ya mguu wa tatu kama uji uliopoa, haikutandaa, haikung'aa. Mwanafunzi wangu angeniletea kazi kama hiyo ningemrudishia. Lakini mama alisimama mlangoni akitazama anga, akisema, "Sasa. Sasa. Weka chini," na waya ulionekana umeshika. Nikafunga kasha. Jumamosi yote lilikaa juu ya kabati, na mimi nikaimba nyimbo kanisani nikijiambia umeshika.

Jumapili asubuhi baba alikuwa wa kwanza kuvaa. Suti yake ya kahawia, tai, viatu vimeng'arishwa. Alikuwa amenyoa hadi shingoni. Alikaa kwenye kiti chake sebuleni, mikono juu ya magoti, na niliposogea na kasha la kaseti alinyoosha kichwa mwenyewe kunipa sikio, kama mtoto anayeoshwa. Nikalitia kasha mfukoni nyuma ya kalamu, nikapitisha waya chini ya kola, nikaweka spika sikioni. Baba mdogo alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye kochi anakunywa chai. Mama alisimama na taulo mkononi. Mdogo wangu alikuwa chumbani kwa jirani anasukwa.

"Baba," nilisema. "Unanisikia?"

Alitazama midomo yangu. Akatikisa kichwa.

"Baba!"

"Hakuna kitu," alisema. "Kimya tu."

Niligeuza betri. Nikasugua ncha zake kwenye sketi. Nikapuliza, nikagonga kasha, nikasema baba, baba, baba, mpaka jirani akaitika upande wa pili wa ua. Kimya tu. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonivuruga. Wiki sita za kutembea kati ya meza na jiko. Chipu mbili. Na mwisho wake baba yangu amekaa na tai shingoni akiniomba radhi kwa macho. Aibu ikanipanda, na aibu kwangu haikawii kugeuka hasira.

Baba aliinama kufunga kamba ya kiatu. Mimi nikawageukia mama na baba mdogo.

"Basi akae ndani," nilisema. "Mzee amekwisha, tuseme ukweli. Akitoka huko mbele atajibu lisiloulizwa, watu wa Sori watacheka mpaka nyumbani kwao. Atatuaibisha. Waambieni wageni ana malaria."

"Hata mimi nilikuwa nafikiria hivyo," alisema baba mdogo, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akifikiria hivyo tangu mwezi uliopita. "Si kwa ubaya. Ni kwa ajili ya mtoto."

"Nani atamwambia?" mama aliuliza.

"Hana haja ya kuambiwa," nilijibu. "Mwandalie kitanda, umpe vidonge viwili, atalala. Siku hizi kazi yake si ni kulala?"

Baba alikuwa bado ameinama juu ya kiatu chake. Ile kamba ilimchukua muda. Alipoinua kichwa macho yetu yalikutana, nami nikamtabasamia. Namwona mpaka leo. Nilimtabasamia kwa meno yote, na mama naye akatabasamu, na baba mdogo akainua kikombe chake kidogo kama anayemtakia heri.

Baba hakutabasamu. Alisimama polepole, akanyoosha koti.

"Najisikia vibaya," alisema. "Nafikiri ni malaria. Acha nikalale."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Baba mdogo aliweka kikombe chini. Mama alinong'ona, "Mungu amesikia." Na mimi? Nilishtuka, ndiyo, nywele zilinisimama shingoni, lakini nilijilazimisha kushtuka kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu njiani akaamua asiulize ni cha nani. Kulikuwa na kuku wa kuchinja na viti vya kukopa kanisani. Nikaenda kuvipanga.

Wageni walifika kabla ya saa saba, wanaume sita na wanawake wanne, wamevaa vizuri. Walisalimu, wakaketi, wakaomba, na kabla mtu hajakohoa baba mdogo akasimama mbele ya kiti cha baba akatangaza kwamba mwenye boma ameshikwa na malaria kali tangu jana, hawezi hata kuinua kichwa. Wageni wakasema pole, pole sana. Mzee wao mmoja akasali tena, sala ndefu, kwa ajili ya mgonjwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la soda, na kila neno la ile sala lilinipiga usoni. Niliweka sinia mezani, nikaenda chumbani. Nilijiambia nakwenda kuchukua kile kifaa nione kilichokiua.

Nilisukuma mlango bila kubisha. Siku hizo hatukuwa tunabisha.

Baba alikuwa hajalala. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na suti yake yote, viatu miguuni, ameinama mbele mpaka kifua kikagusa magoti, na kiganja chake kimekandamiza mfuko wa shati. Nilidhani moyo unamuuma. Nikapiga kelele, "Baba!"

Aliruka kama aliyechomwa, akashika sikio.

"Usipige kelele," alisema. "Nakusikia."

Nilishika mlango. Nikatazama ule mkono juu ya mfuko. Alinieleza kwa utulivu, kwa sauti yake ya darasani, bila kunitazama. "Nikikaa wima kinakata. Nikiinama na kubonyeza hapa kinashika. Kuna waya mmoja umelegea ndani. Nyingine zote ni safi. Umefanya kazi nzuri, mwalimu."

Ule mguu wa tatu. Alipoinama kufunga kiatu.

"Baba, asubuhi..." nilisema.

"Asubuhi kilishika," alisema.

Nilipiga magoti sakafuni. Nilimwambia baba twende nje, sasa hivi, kiti chako kipo. Nilimwambia nitaulehemu ule waya kwa dakika mbili, jiko linawaka. Alitikisa kichwa. Ukigusa kitazimika, alisema, na wageni ndiyo wanaanza. Na nje atatokaje? Watu wamekwisha kumwombea. Mtu aliyeshindwa kuinua kichwa saa saba atatokaje saa saba na robo na tai shingoni? Wageni watasema boma hili ni la waongo, na binti ndiye atakayekwenda kuishi na maneno hayo. Alikuwa amefikiria yote hayo, ameinama pale, wakati mimi napanga viti.

Nilifungua mdomo nimwombe msamaha, neno nililokuwa nalo tangu mlangoni. Nje mzee wa Sori alikuwa ameanza kuzungumza kwa ile sauti ya chini, na baba mdogo akijibu. Mimi mwenye masikio mazima sikupata hata neno moja. Baba aliinua mkono wake ulio huru, akanizuia.

"Subiri," alisema. "Wanamtaja mtoto."

Akainama zaidi, akabonyeza mfuko, akafumba macho asikilize. Walizungumza mpaka saa kumi na moja jioni. Nilikaa sakafuni karibu na viatu vyake muda wote huo, na kila nilipotaka kusema, ule mkono uliinuka.